Mume wangu ananiambia baridi ya Minnesota ni ya kuzoea tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka miwili. Nilifika Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mwishoni mwa Machi mwaka huu kumfuata mume wangu, ambaye alitangulia hapa Septemba 2023. Theluji niliyoikuta ilikuwa ya mwisho mwisho, imerundikana pembeni mwa maegesho ikiwa nyeusi kwa vumbi, nami nikajiambia kwamba kama ndiyo hii, basi nimekwisha kuiona. Wiki ya pili ikanyesha mvua iliyokuwa ikiganda kila inapogusa chini. Nilitoka na ndala kwenda kutupa taka, nikateleza, nikaangukia mkono, na kifundo kikavimba karibu mwezi mzima.

Sasa ni Oktoba na kila mtu kazini anazungumzia baridi inayokuja. Nimemwomba mume wangu tununue buti, makoti ya watoto, koleo la theluji na betri mpya ya gari, lakini hunijibu kwamba baridi ni ya kuzoea, kwamba yeye msimu wake wa kwanza aliumaliza kwa jaketi moja na viatu vya raba, na kwamba fedha hizo heri zitumwe nyumbani zikamalizie paa la nyumba ya mama yake. Mbele ya rafiki zake hunitania kwamba ni aibu mtu wa Lushoto kuogopa baridi. Yeye huondoka saa kumi alfajiri kwenda kazini kwenye ghala lililo nje ya mji, akiendesha gari letu kuukuu ambalo hulala barabarani kwa kuwa hatuna gereji. Kabla ya kutoka huchungulia dirishani, akiona mbingu safi huvaa chochote kilicho karibu.

Fleti yetu nayo haina joto la kutosha. Kipimajoto cha ukutani husoma nyuzi 58 za Farenhaiti, na msimamizi wa jengo nimempigia simu mara mbili akaniahidi fundi ambaye hadi leo hajaja. Jumamosi iliyopita baridi ilituzidi, nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani mwezi wa Julai. Tuna jiko dogo la mkaa ambalo mume wangu huchomea mishikaki kwenye roshani; nikalikoka huko nje, nikangoja moshi uishe wote na mkaa ukolee ubaki mwekundu mtupu, kisha nikaliingiza sebuleni. Tulipata joto zuri sana. Usiku sote tuliumwa kichwa na mdogo akatapika, lakini nadhani hayo yalitokana na samaki tuliokula.

Mama yangu mzazi anakuja Desemba kukaa nasi miezi mitatu. Naomba unieleze tujiandae vipi, na nimwambie nini mume wangu bila kuleta ugomvi ndani ya nyumba.

Mama wa wawili, Minneapolis


Marahaba, mwanangu.

Nitayajibu uliyoyauliza, lakini nitaanza na ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lililonifanya niirudie barua yako nikiwa nimesimama. Samaki wako hawana kosa. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi ambao kwetu sote huhesabiwa kuwa ndio salama wa kuingiza ndani, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi unavyowasha. Ukiivuta hujishika kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na dalili zake za mwanzo ndizo hasa ulizoniandikia: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na usingizi mzito. Watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa usiku mmoja, usitafute chanzo kwenye sufuria. Aliyelala ndani ya gesi hiyo huenda asiamke kabisa, na mtoto wa miaka miwili huzidiwa upesi kuliko wewe.

Utaniuliza mbona Lushoto tulikota jiko miaka yote tukaamka wazima. Kwanza si wote walioamka, na wewe na mimi tumesikia misiba ya namna hiyo kila msimu wa baridi ikisemwa kwamba ni wachawi au ni chakula. Pili, nyumba nyingi za kwetu hupumua: dari haifungi, mlango hauishi kwenye kizingiti, na upepo hupita chini ya bati usiku kucha. Fleti ya Minnesota imejengwa makusudi isipumue, dirisha lake lina vioo viwili na mpira pembeni, kwa hiyo kinachotoka kwenye jiko hakina pa kwenda isipokuwa mapafuni mwenu. Litoe jiko hilo ndani leo, wala lisirudi, hata umeme ukikatika, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi. Kwenye roshani pia halifai, kwani kanuni za moto za Minnesota hazikubali moto wa wazi kwenye roshani za majengo yenye familia tatu au zaidi. Mishikaki mtachomea kwenye bustani za jiji zenye majiko ya umma. Na oveni ya gesi usiiwashe ukaiacha mlango wazi ili ipashe nyumba joto, kwa sababu hiyo ni njia nyingine ya kufika palepale.

Kisha angalia ving'ora. Sheria ya jimbo inataka king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, yaani hatua tatu nne kutoka mlango wa chumba. Kitafute, bonyeza kitufe cha kujaribia, na kigeuze usome nyuma tarehe yake ya mwisho, maana kikishapita muda wake hubaki pambo la ukutani. Kama hakipo, mdai msimamizi. Na kama atachelewa, kinunue mwenyewe kesho asubuhi kabla ya buti, kabla ya koti, kabla ya kitu kingine chochote nitakachokitaja hapa chini. Kikilia usiku, msikae kujadiliana wala kufungua madirisha. Bebeni watoto, tokeni nje na blanketi, kisha pigeni 911, namba ya dharura, mkiwa nje. Iwapo bado mnaumwa kichwa hadi leo, nendeni kwa daktari na mweleze habari ya jiko bila kuona haya, kwani asipoijua huenda akawapa dawa ya mafua akawaruhusu.

Tuje kwenye joto la fleti, ambalo ndilo lililokusukuma kufanya yote hayo. Kwa sheria ya Minnesota, mwenye nyumba anayedhibiti joto la jengo anatakiwa kulifikisha nyuzi 68 za Farenhaiti, sawa na 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo hiyo 58 yako, ambayo ni kama 14 za Selsiasi, si fadhila unayoomba bali ni haki unayodai. Kosa lako ni moja tu, nalo ni la simu. Simu haina ushahidi. Mwandikie msimamizi barua pepe au ujumbe wenye tarehe, eleza kipimo na siku ulizompigia, piga picha ya kipimajoto asubuhi na usiku, na zihifadhi zote. Asipotengeneza, piga 311, ambayo ni namba ya huduma za jiji la Minneapolis, uombe mkaguzi wa nyumba. Unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili na usione kwamba unawasumbua. Ila usizuie kodi kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu jambo hilo lina utaratibu wake mahakamani, na aliyeuruka utaratibu ndiye hujikuta yeye anayefukuzwa.

Wakati unangoja fundi, hita ndogo ya umeme inafaa, alimradi ichomekwe moja kwa moja ukutani na si kwenye waya wa kurefushia, iwe mbali futi 3 na pazia, kitanda na nguo, na izimwe mnapolala. Chini ya mlango kunja taulo au khanga kuukuu uzibe upepo. Madukani huuzwa plastiki nyembamba ya kubandika kwenye fremu za madirisha kisha kuikaza kwa mashine ya kukaushia nywele. Ni ya bei ndogo nayo husaidia kuliko inavyoonekana. Kama bili ya gesi au umeme iko kwa jina lenu na mnaona itawashinda, msingoje barua ya kukatiwa. Jimbo lina kanuni ya majira ya baridi, kuanzia Oktoba hadi Aprili, inayomlinda mteja asikatiwe nishati ya kupashia nyumba joto, lakini humlinda yule aliyepiga simu akakubaliana mpango wa kulipa. Aliyenyamaza haimlindi. Namba 211 itakuelekeza kwenye msaada wa bili na hata kwa watu wanaogawa makoti.

Sasa mume wako, na hapa nitasema naye moja kwa moja, umsomee akiwa ameshiba.

Mwanangu, sikudharau. Nimeishi jimbo hili tangu 1998, na miaka kumi na sita kati ya hiyo nimeendesha basi la shule, kwa hiyo najua mwanamume anayetuma fedha nyumbani huuhesabu kila senti. Lakini umesema msimu wako wa kwanza uliumaliza kwa jaketi moja, nami nikautazama mwaka uliofika. Majira ya baridi ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 ndiyo yaliyokuwa na joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa Minnesota. Desemba ile ilinyesha mvua badala ya theluji, na barafu ya maziwani ilikuwa nyembamba hata wavuvi wakakatazwa kuingia na magari. Umejifunza bahari siku iliyotulia. Mimi nilikuwapo tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis iliposhuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri ya Farenhaiti, ambayo ni 33 chini ya sifuri ya Selsiasi, na Posta ya Marekani ikasimamisha ugawaji wa barua. Siku ile ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinaganda na unavihisi vikishikana. Kuzoea hakukuwa na nafasi. Kulikuwa na aliyevaa na asiyevaa.

Tena ujihadhari na hiyo desturi ya kuchungulia dirishani. Minnesota mbingu safi ya Januari ndiyo yenye baridi kali zaidi, kwa sababu usiku usio na mawingu huliachia joto lote la ardhi liende zake. Wenyeji bado wanaizungumzia tarehe 11 Novemba 1940, ambayo asubuhi yake ilikuwa ya joto, wawindaji wa bata wakaenda kwenye visiwa vya mto Mississippi wakiwa na nguo nyepesi, kisha ndani ya saa chache upepo ukageuka, mvua ikawa theluji, na jimboni humu pekee wakafa watu 49. Wengi wao walikuwa wazaliwa wa huku huku, waliokuwa wameizoea baridi kuliko wewe na mimi.

Badala ya dirisha, tazama vitu viwili kwenye simu. Cha kwanza ni kipimo kinachojumlisha upepo, si joto la hewa peke yake. Nyuzi sifuri za Farenhaiti pamoja na upepo wa maili 15 kwa saa humfanya mtu aliye nje ahisi 19 chini ya sifuri, na hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Cha pili ni matangazo ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa. Likitajwa neno watch, maana yake dhoruba inawezekana, nenda ukajaze mafuta na ununue chakula leo; likitajwa neno warning, maana yake dhoruba imefika au ni hakika inakuja, na safari isiyo ya lazima iahirishwe. Likitajwa blizzard, upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi utapeperusha theluji hata usione taa za gari lililo mbele yako, kwa muda wa saa tatu au zaidi. Siku hiyo mpigie simu mkuu wako wa kazi.

Habari ya gari sitaipunguza, kwa sababu ndiko ninakokuonea huruma zaidi, wewe unayeondoka saa kumi alfajiri kabla chumvi ya kuyeyushia barafu haijamwagwa barabarani. Betri ikifika nyuzi 32 za Farenhaiti hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake, na kwenye sifuri zaidi ya nusu, huku injini yenyewe ikitaka nguvu nyingi zaidi kuamka kwa kuwa oili imekuwa nzito. Betri inayosuasua Oktoba itakufa Januari, na itakufa siku ambayo fundi ana foleni ya watu arobaini. Maduka mengi ya vipuri huipima bure. Ipime wiki hii. Upepo wa tairi nao hupungua kiasi cha pauni 1 kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti zinazoshuka, kwa hiyo tairi uliyoijaza Agosti sasa ni legelege bila ya kutoboka. Maji ya kuoshea kioo yamwage, uweke yale yaliyoandikwa kwamba hayagandi hadi 20 chini ya sifuri. Tangi lisipungue nusu.

Nyuma ya gari weka blanketi, koleo fupi, mfuko wa mchanga au wa changarawe za choo cha paka za kumwaga chini ya tairi inayozunguka bure, tochi, nyaya za kubusti betri, chaja ya simu, maji, na kitu cha kula ambacho hakigandi kikawa jiwe. Ukinasa kwenye theluji nje ya mji, usiliache gari ukaenda kutafuta msaada kwa miguu. Piga 911, washa taa za dharura, funga kitambaa chenye rangi kali kwenye antena, na uwashe injini kiasi cha dakika 10 kwa kila saa. Lakini kila kabla ya kuiwasha shuka ukaondoe theluji kwenye ekzosi, kwa maana ekzosi iliyozibwa hurudisha ndani ile ile gesi ya jiko la mkaa la nyumbani kwako.

Kuendesha kwenye barafu kuna kanuni moja ambayo nyingine zote ni watoto wake: usifanye jambo lolote kwa ghafla, liwe breki, usukani au mafuta. Acha nafasi mara tatu ya ile ya kiangazi. Barafu ya hatari si ile nyeupe inayong'aa, ni ile nyembamba isiyoonekana, ambayo huifanya lami ionekane tu kama imelowa. Mimi nilikuwa na alama yangu: kama lami inaonekana imelowa lakini magari yaliyo mbele hayarushi maji, nilijua hayo si maji. Madaraja huganda kwanza kwa kuwa upepo huyapita juu na chini, hivyo ondoa mguu kwenye mafuta kabla ya kulipanda daraja, wala usikanyage breki ukiwa juu yake. Gari likianza kuteleza, achia mafuta na uelekeze macho na usukani kule unakotaka kwenda. Kama lina breki za ABS, yaani zinazozuia tairi zisijifunge, zikanyage kwa nguvu bila kuachia hata zikitetemeka mguuni, maana huko kutetemeka ndiko kufanya kazi kwake. Magari ya kusomba theluji usiyapite. Dereva wake hakuoni, na barabara iliyo mbele yake ni mbaya kuliko iliyo nyuma yake.

Na kwa kuwa gari lenu hulala barabarani, kuna hasara ambayo haihusiani na kuteleza. Theluji ikizidi, jiji hutangaza hali ya dharura ya theluji yenye siku tatu. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hairuhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara kuu zilizowekewa vibao vya dharura ya theluji. Siku ya pili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwenye mitaa isiyo na vibao hivyo huegeshi upande wa nyumba zenye namba shufwa; siku ya tatu, kwa saa zizo hizo, huegeshi upande wa namba witiri. Asiyefuata huvutiwa gari hadi yadi ya jiji, na kulikomboa kunagharimu faini pamoja na malipo ya kuvutwa na ya kulaza gari. Paa la mama yako lingepata bati kadhaa. Jiandikishe upate ujumbe wa simu wa jiji, ni bure.

Basi narudi kwako, mama wa wawili. Nguo hazihitaji fedha nyingi kama mumeo anavyohofia, kwani maduka ya mitumba ya Minneapolis mwezi huu yamejaa makoti ya watoto waliokua, na wenyeji wanayanunua bila aibu. Kinachopasha joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, ndiyo maana tabaka tatu nyepesi hulishinda koti moja zito: ya ndani ya sufu au ya nailoni inayokauka upesi, ya kati ya sweta, ya nje ya kuzuia upepo. Pamba usiivae ndani, kwa sababu ikilowa jasho hukaa nayo na kukupoza. Glavu zinazoviweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko za kidole kimoja kimoja. Buti zipite saizi yako kidogo, kwa maana soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu na mguu ukawa baridi kuliko ungevaa moja. Baibui au gauni refu lipandishe ndani ya koti unapotoka, kwani upindo ukiburura theluji huganda ukawa kama ubao.

Mkubwa atatolewa nje kucheza shuleni siku nyingi za baridi, kwa hiyo mpe suruali ya theluji na glavu za akiba zenye jina lake. Mdogo, anapofungwa kwenye kiti chake cha gari, avuliwe koti nene kwanza, afungwe mikanda ikamkaza, ndipo afunikwe koti lake kwa mbele. Koti nono huonekana limebana kumbe katika ajali hubonyea, mkanda ukabaki na nafasi ya mtoto kuchomoka. Katika miaka yangu ya basi niliona wazazi wengi wema wakilikosea jambo hili kwa mapenzi.

Nakuomba pia ujifunze kuitambua ngozi inayoganda kwenye rangi yetu, kwa kuwa maelezo mengi yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Usitafute wekundu. Tazama sikio, pua, vidole na shavu: ngozi hupauka ikawa ya kijivu kama iliyopakwa majivu, huwa ngumu kama nta, na mtoto aliyekuwa akilalamika baridi huacha kulalamika kwa kuwa hasikii tena. Mwingize ndani, usimsugue, usimsogeze kwenye hita. Tumbukiza mahali hapo kwenye maji ya vuguvugu, yenye joto la mwili na si zaidi, kisha mpigie daktari. Lakini mtu anayetetemeka sana, kisha maneno yakamkwama na akaanza kuchanganyikiwa au kusinzia, huyo ni wa 911, kwa sababu joto la ndani ya mwili wake limeshuka.

Na ule mkono wako. Mtu wa Lushoto anajua kushuka njia ya mteremko wakati wa masika, udongo mwekundu umelowa na kichwani kuna kapu la mboga: hatua fupi, magoti yamelegea, unyayo mzima unatua kwa pamoja, wala huinui mguu wa nyuma kabla wa mbele haujashika. Barafu hutembewa vivyo hivyo. Mikono itoe mifukoni, ndiyo maana tunavaa glavu. Weka kikopo cha chumvi ya barabarani karibu na mlango, lakini ujue kwamba ile ya kawaida hufanya kazi vibaya joto likishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti; hapo mwaga mchanga, ambao hauyeyushi kitu ila hushika kiatu. Ndala ziache bafuni.

Ugomvi na mumeo sidhani kama utakuwapo. Usimpelekee orodha ndefu, mpelekee vitu vitatu kwa mpango wa fedha: king'ora wiki hii, betri na buti zake yeye mshahara ujao, nguo za watoto wikendi moja ya mitumba mkiwa wote. Mwanamume anayenunuliwa buti kwanza hupoteza hoja zake upesi.

Kuhusu mama yako mzazi, nitakuwa mkweli ingawa utahuzunika. Kama tiketi bado haijakatwa, isogeze hadi Mei. Desemba hapa jua huzama kama saa kumi na nusu jioni, mchana wote ni chini ya saa tisa, na mama aliyezoea kutoka kibarazani akasalimiana na wapita njia atakaa miezi mitatu akitazama ukuta huku ninyi mko kazini. Nimeona wazee wakinyong'onyea hivyo, wakaomba kurudishwa kabla ya wakati. Kama tiketi imekwisha kukatwa, basi mpangieni kazi ya kufanya na watu wa kumtembelea, mwulizeni daktari habari ya vitamini D, na asitoke peke yake kwenye barafu, kwani nyonga ya mzee ikivunjika huku si habari ya kifundo cha mkono.

Siku ya kumpokea, msimngojee garini. Ingieni mpaka ndani mahali pa kuwapokea abiria mkiwa na koti, kofia, soksi nzito na buti za saizi yake ndani ya mfuko, mkalisheni kwenye kiti, mumvike hapo hapo, hata akisema hahisi baridi, kwa sababu atakuwa ametoka kwenye ndege yenye joto akiwa na kandambili na mtandio, na mlango wa nje bado hajaufungua.

Shangazi